Tulikwenda kufanya kazi, tukakalishwa mkekani

Watu wakisikia mie na mume wangu tumekwenda nje ya nchi kujitolea, swali la kwanza ni hela tumetoa wapi, mana wanajua mie mwalimu wa skuli huku Pemba na yeye fundi maji, na hatuna mjomba Ulaya. Jibu lake fupi: tunadunduliza msimu wa karafuu (kuna mikarafuu ya urithi upande wake, si mingi), hatulali hoteli, na hatuendi mbali kihivyo. Mtu akiambiwa "nje ya nchi" anafikiria theluji. Sie tulikwenda Gazi, pwani ya Kenya, afu baadae tukaenda Ngazidja, kile kisiwa kikubwa cha Komoro, bahari hii hii yetu.

Wazo lilianzia skuli. Pemba tumezoea kupokea, vijana kutoka Ulaya wanakuja wiki mbili tatu, wanapaka rangi ukuta, wanafundisha watoto nyimbo, wanapiga picha, siku ya kuondoka wanalia, bas. Sisemi vibaya, rangi tuliipata na watoto walifurahi, lkn mwalimu wa darasa ilimbidi azirudie mada zote mana wale walikuwa wakisomesha vitu vyao. Wa Japani wanaoletwa na JICA, shirika la misaada la serikali yao, ni habari nyengine, wao kawaida wanakaa miaka miwili, wanajifunza Kiswahili mpaka wanakutania, wanapangiwa vipindi sawa na mwalimu mwengine yeyote. Na madaktari wa Kichina, timu zao zinakuja Zanzibar tangu 1964 na pale Mkoani hospitali ya Abdulla Mzee wapo. Najua wale wametumwa na serikali yao, hawajitolei khasa, lkn nawataja mana wana zamu, wana mkubwa wa kazi, akiondoka huyu anakuja mwengine anaendelea pale pale. Siku moja tunaongea mambo haya mume wangu akasema, ivi sie kwanini hatuendi? Nkamwambia tuende wapi, na tuna nini cha kuwapa watu. Akasema mie najua paipu.

Tukaanza kutafuta kwenye intaneti. Tulichokikuta mwanzo ni kampuni inayotoza watu dola ili wakajitolee kwenye nyumba ya mayatima. Yani ulipe, ufanye kazi, na chakula ulipe vilevile. Hesabu yake ilikuwa inameza mshahara wangu wa miezi kadhaa, mume wangu alicheka mpaka akakohoa. Mie hilo la mayatima ndo lilonikaa vibaya zaidi, mtoto kafiwa, anakuzoea wewe leo, wiki mbili huyoo umeondoka, anakuja mwengine na peremende nyengine. Anayelipa ni mgeni, kwa hiyo wa kuridhishwa ni mgeni. Tukaachana nao.

Gazi tulipelekwa na undugu. Pwani ya Kenya kuna Wapemba wa miaka mingi, wavuvi wengi wao, walikaa vizazi bila ya vitambulisho vya nchi mpaka mwaka 2023 serikali ya Kenya ilipowatambua rasmi, na upande wa mama yangu tuna jamaa huko. Tukapanda boti mpaka Tanga, basi mpaka Horohoro, tukagongewa paspoti, na kadi ya homa ya manjano iwe mkononi usije ukaiacha nyumbani, ukaingia Lunga Lunga, ukashuka na barabara ya Mombasa hadi Msambweni, Gazi ndo hapo hapo.

Gazi wana mradi wao wa mikoko unaitwa Mikoko Pamoja. Ulianza 2013, eneo lenyewe si kubwa, hekta 117, na wanachofanya ni kuulinda msitu na kupanda, afu ile hewa ya ukaa inayofungwa na mikoko inapimwa na kuuzwa kwa watu wa nje wanaotaka kufidia moshi wao, kama tani 3,000 kwa mwaka. Hela zinarudi kijijini na wenyewe wanakaa kikao kuamua ziende wapi, maji ya bomba au skuli. 2017 walipata tuzo ya Umoja wa Mataifa, Tuzo ya Ikweta. Na pia wamepanda mivinje pembeni ili mtu akitaka nguzo asiende kukata mkandaa. Hiki cha mivinje kilinipendeza kuliko yote, mana kwetu tunaambiwa "usikate" afu hatuambiwi tujengee nini.

Pale kazi tulipewa asubuhi ya mwanzo tu, hata sijamaliza kuota jua. Mume wangu kwenye paipu, mie nikapewa daftari na utepe, nikafuatana na vijana kupima miti. Kupima mkoko nlidhani ni kuzungusha utepe tu, kumbe mti wenye mizizi ya kuning'inia huupimi popote, unapanda juu ya mzizi wa juu kabisa ndo unazungusha, na mti ule ule mwakani unapimwa pale pale, kwa hiyo ukiandika ovyo umeharibu kazi ya aliyekutangulia na atakayekuja. Matope mpaka magotini, mbu, na maji yakianza kujaa hakuna anayekungoja. Binti mmoja wa pale, mdogo kwangu kabisa, alikuwa ananisimamia, nikiandika namba haieleweki ananambia mwalimu andika upya. Nlifurahi kwakweli. Yani nlikuwa na mkubwa wa kazi. Na niliporudi Pemba nikawa naitizama mikoko yetu kwa jicho jengine, mana sie maji ya chumvi yameshaingia kwenye mabonde ya mpunga sehemu kadhaa na bado watu wanakata.

Gazi ilitudanganya. Tukaona kujitolea ni rahisi, unafika, unapewa kazi, unafanya. Ngazidja ndo ikatunyoosha.

Huko tulialikwa na kaka mmoja wa Kingazija aliyesoma Unguja, kwao ni mji mdogo kwenye mteremko wa mlima Karthala. Mlima huo ni volkano hai, mita 2,361, na ardhi yake ndo chanzo cha kazi iliyotupeleka. Ngazidja hakuna mto unaotiririka mwaka mzima, mvua inanyesha kweli kweli lkn mawe ya volkano yana vitundu, maji yote yanazama chini. Kwa hiyo nyumba nyingi za mlimani zina birika la saruji, maji ya mvua yanashuka kutoka kwenye bati, yanapita kwenye mlizamu, yanaingia humo, na ndo ya kunywa, kupikia, kufulia, kutawadhia. Novemba 2005 mlima ulipolipuka majivu yaliingia kwenye mabirika na maji yakaharibika kwa watu wengi sana, kina bibi wa pale wanahadithia mpaka leo, wanasema ilikuwa mvua inanyesha na huna cha kunywa. Mume wangu alikuwa ameshajipanga: milizamu iliyooza, wavu wa kuzuia mbu, kifuniko, na ile njia ya kuyamwaga maji ya mwanzo yanayoosha uchafu wa bati kabla ya kuyaachia yaingie ndani. Vifaa vyengine tulibeba kwenye begi, mana kule vitu vingi vinaletwa kwa meli na bei yake uombe Mungu.

Tumefika. Mapokezi mashaallah. Wali, samaki, mataba (kisamvu cha nazi, wanakitwanga kikawa laini hasa), mkate wa futra ambao ukiula umefumba macho uko sokoni Darajani, Unguja, mwezi wa Ramadhani. Siku ya pili vilevile. Ya tatu vilevile. Wazee wetu wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, sie ya tatu tukapewa kuku. Mume wangu kila asubuhi anavaa nguo za kazi, anachukuliwa kwenda bangwe, ule uwanja wa mji wenye viti vya mawe wanapokaa wanaume, anakalishwa, analetewa chai, anaulizwa habari za Zanzibar. Mzee mmoja hamalizi, anataka kujua kuhusu Sheikh Ahmad bin Sumeit, mana yule sheikh alizaliwa Itsandra pale Ngazidja mwaka 1861 akawa kadhi Unguja mpaka alipofariki 1925, na wao wanahesabu nusu ya elimu ya Unguja ni ya kwao. (Wana haki kidogo.) Jioni ananirudia, nguo safi, begi la spana hajalifungua. Anasema hawa watu wananiheshimu mpaka naumwa.

Mie huku ndani mambo yalikuwa mengine. Nilikaa kwenye mkeka kama bibi harusi asubuhi moja, ya pili nikaona wanakuna nazi nyingi kuna shughuli jirani, nikavuta mbuzi nikakaa nikaanza kukuna. Wakapiga kelele mgeni mgeni, nikajifanya sisikii, na mkono wangu wa kukuna nazi alhamdulillahi nimelelewa. Wakanyamaza. Mama mwenye nyumba akanitizama kidogo afu akanisogezea nazi nyengine. Kutoka hapo nikawa mtu wa jikoni, na jikoni ndo maji yanapochotwa. Ndani ya muda mfupi nlikuwa najua birika la nani linavuja, la nani lina viluwiluwi, nani anachota kwa jirani kwa siri mana mume wake yuko Ufaransa hajatuma hela ya kutengeneza, na kwamba birika la karibu na msikiti limeoza mlizamu tangu mwaka juzi na wanaume wanalijadili bangwe. Yani mume wangu alikuwa amekaa na wanaojadili, mie nimekaa na wanaochota.

Tena jikoni nilipata somo ambalo sikulitarajia. Waliniuliza nyumba yetu Pemba ni ya nani. Nikasema ya mume wangu, si kajenga yeye? Wakatizamana. Kule Ngazidja nyumba ni ya mwanamke, anajengewa na kwao, mume ndo anayehamia kwa mkewe, na kuna mali za ukoo zinaitwa manyahuli zinapita upande wa kina mama tu. Na ni Waislamu kama sie, msikitini ni madhehebu yale yale ya Shafi. Mama mwenye nyumba akaniuliza kwa huruma kabisa, sasa mwanangu mkigombana unakwenda wapi? Nikamjibu nakwenda kwa mama. Akasema bas hiyo ndo nyumba yako, hiyo nyengine umepanga. Usiku nkamhadithia mume wangu, hakucheka hata kidogo.

Sasa kilichomfungulia yeye. Kule mwanamme anakuwa mtu mzima wa mji akishafanya anda, ile harusi kubwa, na si harusi ya mchezo, wengine wanaikusanyia hela miaka, wengine wanakwenda kuitafutia Ufaransa, ng'ombe, dhahabu, karamu siku kadhaa. Ukishaifanya unaingia kwa wandru wadzima, unakaa mbele, ukisema unasikilizwa. Hujaifanya, hata uwe na mvi, wewe bado ni katika wanamdji, watoto wa mji. Na kazi za mji, kubeba mawe, kumwaga zege, ni za wanamdji. Mume wangu alikuwa anakalishwa na wakubwa kwa sababu ya ugeni na mkubwa hashiki spana. Mie nikayapata maelezo haya kwa kina mama, nikamwambia, bwana, wewe hukufanya anda. Akasema anda nini, mie nimeoa kwa mahari na biriani. Nkamwambia ndo ukawaambie hivyo hivyo.

Akenda bangwe, akamwambia yule mzee wa Sheikh bin Sumeit mbele za watu kwamba yeye kwa heshima zote hajafanya anda, na hana nia ya kuifanya mana mikarafuu yake haitoshi, kwa hiyo anaomba akae panapomstahiki. Wakacheka mpaka wengine wakainuka. Mzee akamwita kijana mmoja akamwambia mchukue huyu mwenzako. Mwanamme ana mvi kidevuni, ana watoto wanaosoma sekondari, akakabidhiwa kwa vijana wa miaka ishirini na kitu, na adhuhuri ile ile alikuwa juu ya bati la msikiti anang'oa mlizamu.

Hapo kazi ikaenda. Walianza birika la msikiti, wakaja kwenye majumba, na mpango wa nyumba gani itangulie hakuupanga yeye, uliletwa na kina mama, mie nikiwa mpeleka habari. Vijana walikuwa wanajua kujenga vizuri tu, kuna mmoja saruji yake ilikuwa safi kuliko ya mume wangu na nilimwambia hivyo. Walichokuwa hawana ni ile njia ya kumwaga maji ya mwanzo, na yeye alichokuwa hana ni ujuzi wa kuziba ufa kwenye ukuta wa mawe ya volkano, mana mawe yetu ya Pemba ni ya matumbawe, hayafanani. Wakabadilishana. Kwakweli kama tungekuja tukamaliza birika mbili tatu wenyewe kwa mikono yetu tukaondoka, wangetuombea dua nzuri na mlizamu ukioza wangeanza tena kujadili.

Wanaotaka kufanya hivi mke na mume wananiuliza jee hamgombani. Tunagomba! Unalala chumba cha watu, ukuta mwembamba, mnagomba kwa kunong'ona, na kugomba kwa kunong'ona ni kazi ngumu mana ukitaka kumfikishia mtu uchungu wako lazima umsogelee sikioni, na ukishamsogelea hivyo hasira zinapungua zenyewe. Tuligomba kwa hela, tuligomba kwa sababu anagawa vifaa ovyo, tuligomba siku kina mama waliponipaka msindzano usoni, ule wa msandali kama liwa yetu lkn wao wanatoka nayo mpaka sokoni, nimekaa nao barazani yeye akapita akatusalimia wote kwa heshima kama mashangazi, hakunijua. Nilinuna mpaka Ishaa.

Lkn pale mmoja wetu angekwenda peke yake asingefanya kitu. Yeye peke yake angekuwa bangwe mpaka leo anakunywa chai, ndani ya majumba haingii na habari za maji haambiwi. Mie peke yangu ningejua kila kitu na juu ya bati nisingepanda. Wengine wanaona mke na mume wakisafiri pamoja ni starehe, kwa nchi zetu hizi ni nyenzo, mmoja ana mlango wa uani na mwengine ana mlango wa barazani. Na cheti cha ndoa beba nakala, sie tulidaiwa mara moja kwenye nyumba ya wageni njiani na ilitusaidia.

Jambo la karatasi watu hulipuuza. Kujitolea ni kazi, hata kama hulipwi, na uhamiaji wa nchi nyingi wanaihesabu hivyo, kugongewa paspoti ya matembezi si ruhusa ya kushika spana. Wenyeji wako waulize uhamiaji kabla hujakata tiketi, waandike barua, wasaini wao. Na bima, na dawa zako za kutosha, na hela ya kurudia iwekwe mbali na hela ya matumizi, mie nlikuwa naishona kwenye pindo la ushungi wa sala, mume wangu hajui mpaka leo (sasa atajua). Chakula tulichangia. Mwenyeji atakataa, utamuachia mama mwenye nyumba mkononi, si mzee bangwe.

Bi mkubwa wangu, mama mkwe, ana swali lake: mnakwenda kuziba mabirika ya watu na tangi la nyumbani linavuja? Ni kweli linavuja. Fundi anasema wiki ijayo.

Hivi sasa tuko upande wa pili wa meza. Yule kijana wa saruji safi na dada yake, muuguzi, wanataka kuja Pemba, yeye anataka kuona tunavyopanda mikoko, dada mtu anataka kukaa na wauguzi wa kituo cha afya cha hapa kwetu. Tumemwambia sheha, kiongozi wa serikali hapa mtaani kwetu, kafurahi, kaanza kuuliza watalala wapi na watakula nini, nikamwambia sheha hilo la kula acha, tuulizane watafanya kazi chini ya nani. Mgeni wa kujitolea Tanzania anahitaji kibali cha ukaazi daraja C, kile kile cha wanafunzi na watafiti, na anayekiomba lazima awe na taasisi inayompokea, kwa hiyo kamati ya mikoko ya kijiji imebidi isajiliwe kwanza, kitu ambacho kilikuwa kinapigwa danadana miaka. Usajili umepita. Fomu za vibali zimejazwa, picha za paspoti za dada mtu zimerudishwa mana alipiga na msindzano usoni, tunangoja atume nyengine.